MAMBO MAPYA KATIKA MFUMO WA HESABU ZA USHIRIKA, NA WAJIBU WETU

Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka 10, Kitahana



Miaka 10 si mingi katika umri wa mti wa mvule, lakini katika umri wa chama cha wakulima ni mingi ya kutosha kupatwa na furaha na majuto. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza jinsi Chama Kikuu kilivyoanzishwa, maghala yaliyojengwa, na kahawa na maharage yaliyopita humo. Hatutayarudia hayo.

Sisi wa ofisi ya Katibu tumeagizwa na Bodi tuseme juu ya jambo moja tu, ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza kila mfikapo dirishani. Mwauliza: hii kompyuta iliyoletwa ofisini imekuja kufanya nini? Na hayo mambo mapya yanayoongezwa ndani ya mfumo wake kila baada ya muda, yamfaa nini mtu mwenye jembe? Mzee mmoja wa chama cha msingi alituuliza swali kali zaidi. Alisema, "Karani akikosea namjua kwa uso na kwa ukoo. Je, hiyo mashine ikikosea, nimshitaki nani?"

Swali hilo hatukulijibu siku ile. Leo twaomba ruhusa yenu tujaribu kulijibu.

Ndugu zetu, kupimwa kazi si jambo geni katika nchi hii ya Buha. Wazee wetu wengi walitoka huku juu wakaenda kulima katani katika mashamba ya Tanga. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani karata yenye nafasi za siku 30. Mtu alipoimaliza kazi aliyokatiwa siku ile, karata yake ilitiwa alama, na kazi isiyotiwa alama ilikuwa kana kwamba haikufanyika. Nafasi 30 zilipotimia, ndipo mshahara ulipolipwa.

Twalikumbusha jambo hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mfumo wowote wa kupima kazi, uwe wa karata au wa kompyuta, hutegemea alama inayotiwa na mtu. Ya pili ni kwamba manamba yule, pamoja na unyonge wake wote, karata yake alikaa nayo mwenyewe. Jioni aliweza kuitazama akajua siku zake ni ngapi. Basi haitakuwa haki, wala haitakuwa ushirika, ikiwa mjukuu wake, aliye mwenye chama na si kibarua, hawezi kuiona alama ya kazi yake.

Sasa tueleze mfumo wenyewe. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 ndiyo iliyoiweka Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania, iliyo chini ya Mrajis, iwe msimamizi wa vyama vyote nchini. Katika miaka hii ya 2020 Tume imeleta Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambao kwa kifupi huitwa MUVU. Kwa mfumo huo, mambo ambayo zamani yalisafiri kwa karatasi sasa hupita kwa intaneti: usajili wa vyama, habari za wanachama, makisio ya mapato na matumizi, maombi ya ukomo wa madeni, na taarifa za kila kipindi.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Taarifa ya chama cha msingi iliandikwa kwa mkono, ikapelekwa kwa baiskeli hadi barabarani, ikapanda basi la Kibondo au la Kasulu, na kutoka hapo ikapelekwa Kigoma. Ikiwa sahihi moja imesahauliwa, karatasi zilirudi kwa njia ile ile, na msimu haukungoja. Hata umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli mpaka Gridi ya Taifa ilipofika Kibondo na Kasulu mwaka 2022. Kwa hiyo mabadiliko haya ni makubwa, na hatutaki mtu ayadharau. Lakini hatutaki pia mtu ayaabudu. Tutayataja mambo mapya moja moja, na kwa kila moja tutasema limetupa nini na halikuweza kutupa nini.

Jambo la kwanza ni daftari la wanachama. Katika mfumo, kila mwanachama ana nafasi yake peke yake, yenye jina lake kamili na habari zake. Faida yake ni kubwa. Pembejeo, malipo na haki ya kura vyote hutazama nafasi hiyo.

Lakini hapa yatupasa tuungame kosa letu wenyewe. Tulipoanza kuingiza majina, tulikuwa na haraka ya kumaliza. Tuliyachukua madaftari ya zamani ya vyama vya msingi, tukayanakili kama yalivyokuwa. Hatukuuliza nani yu hai na nani amefariki, nani amehama, nani hasa ndiye anayelima. Katika chama kimoja palikuwa na mama mjane. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla, lakini daftari lilikuwa bado na jina la marehemu. Mama huyu ndiye aliyepalilia, ndiye aliyechuma, ndiye aliyebeba gunia mpaka ghalani. Fedha za mazao yake zikapelekwa katika akaunti ya marehemu, na akaunti ya marehemu haifunguliwi mpaka mirathi ishughulikiwe mahakamani. Shauri likachukua miezi. Msimu wa mvua ulipoanza, mama hakuwa na fedha ya mbolea, akapanda bila mbolea, na mavuno yake ya mwaka ule kila mtu wa kijiji aliyaona.

Mama huyo yumo kati yetu leo, na ametupa ruhusa tuyaseme haya bila kulitaja jina lake. Twamwomba radhi tena mbele yenu. Kompyuta haikukosea. Ilishika kwa uaminifu kabisa kile tulichoipa, nasi tuliipa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Baada ya jambo hilo Bodi iliamuru madaftari yahakikiwe nyumba kwa nyumba. Makarani walikwenda wakakuta majina ya marehemu, majina ya waliohamia Uvinza na Tabora, na jina la mtu mmoja limeandikwa mara tatu kwa tahajia tatu. Walikuta pia mama wengi wanaolima na kuuza, lakini hawamo katika daftari kwa jina lao. Kazi hiyo ilichukua kiangazi kizima, na ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanywa na ofisi yetu katika miaka hii 10, ingawa haikujengwa kwa matofali.

Jambo la pili ni makisio na ukomo wa madeni. Kama mjuavyo, Mkutano Mkuu ndio unaopitisha makisio ya mwaka, na ndio unaosema chama kisikope zaidi ya kiasi gani. Kisha maamuzi hayo hupelekwa kwa Mrajis yaidhinishwe. Sasa huingizwa katika MUVU pamoja na muhtasari wa mkutano. Safari zimepungua, na kasoro ya karatasi hujulikana mapema.

Hata hivyo, twawaomba muangalie jambo moja. Mfumo huusoma muhtasari, lakini mfumo haukuhudhuria mkutano. Ikiwa mkutano ulikuwa na watu 20 na muhtasari ukasema 200, kompyuta haina macho ya kuona viti vitupu. Wa kuona ni ninyi. Kwa hiyo msikubali muhtasari upelekwe kabla haujasomwa kwa sauti mbele ya wale waliokuwapo.

Jambo la tatu ni taarifa za kila kipindi, na hapa ndipo penye moyo wa shauri lote. Zamani tulijua tumefanya vibaya mwaka ulipokwisha, mkaguzi alipofika. Mkaguzi ni kama mganga aletwaye kwa maiti: hueleza vema kilichomwua mgonjwa, lakini hawezi kumponya. Taarifa za mara kwa mara ni kumpima mgonjwa angali anatembea.

Msiogope ukurasa wa taarifa. Una tarakimu nyingi, lakini mwanachama anahitaji safu tatu tu. Safu ya kwanza ni tulichokusudia. Safu ya pili ni tulichofanya. Safu ya tatu ni tofauti ya hizo mbili. Tukikusudia kutumia kiasi fulani kwa usafiri wa mazao kwa mwaka mzima, na mwezi wa tatu tumekwisha kutumia nusu yake, safu ya tatu itasema. Hilo lilitupata kweli. Gharama ya magari ilipanda kwa sababu mazao ya vyama vilivyo jirani yalikuwa yakifuatwa siku mbalimbali kwa magari mbalimbali. Tulipoliona tukapanga gari moja kwa njia moja. Jambo hilo lingeonekana mwisho wa mwaka, lingekuwa limekwisha kuila faida yenu.

Wala jambo hili halikuzaliwa na kompyuta. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji maskini, walifungua duka lao la ushirika. Waliweka miongoni mwa kanuni zao kwamba bidhaa ziwe safi na kipimo kiwe kamili, na kwamba hesabu ziwekwe mbele ya wanachama mara kwa mara. Ushirika wote wa dunia, pamoja na wa wakulima wa Kilimanjaro waliounda chama chao kikuu cha KNCU mwaka 1933, umepita katika mlango huo. Chombo ni kipya, lakini wajibu una umri wa miaka zaidi ya 180.

Jambo la nne ni mizani. Mizani ya kidijiti imeanza kutumika katika vyama mbalimbali vya mazao nchini. Huonyesha uzito kwa tarakimu, na pale ilipounganishwa na mfumo, uzito huingia katika hesabu bila kuandikwa upya kwa mkono. Katika vyama vyetu vya msingi vingi bado twapima kwa mizani ya zamani, tukaandika stakabadhi, kisha karani akaingiza katika kompyuta. Katikati ya stakabadhi na kompyuta ndipo kosa hupata nafasi.

Tutawapa mfano. Msimu mmoja mwanachama alileta kahawa yenye uzito wa kilo 184. Stakabadhi yake ilisema 184. Karani alikuwa akiingiza hesabu usiku, kwa sababu mchana mtandao ulikuwa umekatika kwa mvua, naye akaandika 148. Ni tarakimu zile zile tatu, zimebadilishana mahali tu, lakini mkulima amepoteza kilo 36. Siku ya tatu orodha ilibandikwa mlangoni mwa ghala. Mwanachama akasoma, akarudi nyumbani, akaja na stakabadhi yake. Kosa likasahihishwa mbele yake kabla ya malipo, na jina la aliyesahihisha likaandikwa.

Tafadhalini litazameni jambo hilo vizuri. Ni vitu viwili vilivyoziokoa kilo 36: kipande cha karatasi kilichotunzwa nyumbani, na orodha iliyobandikwa mlangoni. Kompyuta peke yake ingaliipeleka 148 mpaka Dodoma upesi sana, na kila aliyeisoma angaliamini, kwa kuwa imepigwa chapa nzuri. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisilosomwa na mwenye mali haliizuii mali kupotea.

Jambo la tano halikutoka katika MUVU, bali limetoka upande wa Serikali, nalo limetufundisha. Watumishi wa umma walikuwa na Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana kwa herufi OPRAS, ulioanza mwaka 2004. Fomu zilijazwa mwanzo wa mwaka wa fedha, zikatazamwa katikati, na kufungwa mwishoni. Baadaye ukaletwa mfumo wa kompyuta unaoitwa PEPMIS kwa mtumishi mmoja mmoja, na PIPMIS kwa taasisi, na jina la pamoja ni e-Utendaji. Humo mtumishi huandika kazi alizopatana na msimamizi wake, huonyesha amefika wapi, na msimamizi humpima kazi ikiendelea, bila kungoja mwaka uishe. Bwana Afisa Ushirika aliyekaa hapa mbele naye hupimwa hivyo.

Sisi watendaji wa vyama si watumishi wa umma, na e-Utendaji hautuhusu. Lakini Bodi iliona haifai tupime kilo za mkulima tu na kuacha kazi ya Katibu bila kipimo. Kwa hiyo tumejiwekea ukurasa wetu wenyewe wenye safu zile zile tatu. Umeandikwa humo kwamba stakabadhi ziingizwe katika siku ngapi, malipo yatoke katika siku ngapi, na malalamiko yajibiwe katika siku ngapi. Tukishindwa, safu ya tatu yatuumbua. Miezi mingine imetuumbua. Twaona aibu, nayo aibu hiyo ni njema.

Sasa ni haki tuseme pia wasiwasi wetu. Mfumo huu unabadilishwa na kuongezwa mara kwa mara. Leo sehemu hii iko hapa, kesho imehamishwa, na karani aliyefundishwa mwaka jana hana budi kujifunza tena. Mtandao katika baadhi ya vijiji vyetu ni hafifu, na makarani wengine hupanda kilimani na simu wakitafuta mahali pa kupelekea hesabu. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta nao hatuwezi kuwalipa kama wanavyolipwa mjini. Haya twayasema mbele ya wageni wetu, ili wajue kwamba chama kinachochelewesha taarifa si lazima kiwe kimeficha kitu. Lakini twayasema pia mbele yenu, ili mtu asipate kufanya mtandao kuwa kisingizio cha kila uvivu.

Kuna na jambo la siri. Majina yenu, namba za simu na za akaunti zimo humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeifanya kazi ya kutunza habari hizo kuwa wajibu wa kisheria. Hapo nyuma ilitokea katika ofisi yetu kwamba neno la siri la kufungulia mfumo lilijulikana na watu wanne, na palipotokea taarifa yenye kosa hapakupatikana mtu wa kusema "ni mimi." Siku hizi kila mtu ana neno lake, na akiondoka kazini hufutwa siku ile ile.

Ndugu wanachama, tumefika mwisho. Kwa niaba ya Bodi twaleta mbele yenu maombi manne, tukitumaini kwamba Mkutano Mkuu utayafanya kuwa maazimio.

La kwanza, stakabadhi itunzwe na mwenye mazao mwenyewe. Asiiache kwa karani, wala asimkopeshe mtu.

La pili, orodha ya kilo za kila mwanachama ibandikwe mlangoni mwa ghala kabla ya malipo kutoka, na asiyejua kusoma asomewe.

La tatu, kila chama cha msingi kisome ukurasa wake wa safu tatu kwa sauti, kila mwezi, mbele ya wanachama.

La nne, kila alimaye na kuuza aandikwe kwa jina lake. Mama asiandikwe kwa jina la mume aliye hai, sembuse la mume aliyefariki.

Tukifanya hayo, mambo mapya yatakayoongezwa katika mfumo yatatukuta tumejiandaa. Tusipoyafanya, mambo hayo hayatatufaa, hata yawe mazuri namna gani.

Na sasa tunamrudia mzee wetu aliyeuliza amshitaki nani. Mzee, usiishitaki mashine, kwa sababu haina ukoo. Tushitaki sisi. Nyuma ya kila tarakimu iliyomo humo yuko mtu aliyeiandika, na jina lake lapasa kujulikana. Njoo dirishani na stakabadhi yako mkononi. Sisi tutaufungua ukurasa mbele yako, nawe utatazama kama babu yako alivyoitazama karata yake jioni. Alama zikiwa pungufu, hatutakuambia kwamba kompyuta imekataa. Tutakuambia nani aliyeandika, siku gani, na lini litasahihishwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Twawashukuru makarani wa vyama vya msingi waliotembea nyumba kwa nyumba kiangazi kile chote. Twawashukuru wanachama mliotukosoa kwa ukali na mkarudi tena kuuza kwetu. Mungu atujalie tukutane tena katika miaka 10 ijayo, daftari likiwa safi na ghala likiwa limejaa.